Risasi za Mzee Thuwaini

Kila harusi ya ukoo pale Ibra, Omani, wanaume walipocheza razha na kufyatua bunduki hewani, marehemu Mzee Thuwaini naye aliinua yake, bunduki kuukuu ya jeshi la Kiingereza, kisha akaishusha bila kufyatua. "Risasi zake siku hizi hazipatikani," akisema. Binamu zake waliozaliwa huku wakacheka: hawa watu wa Zinjibar, bwana!

Kicheko kile kilimkaa rohoni mwanawe, Hamood. Mwaka tisini na sita, harusi ya binti yake Alya ilipokaribia, aliapa kwamba safari hii bunduki ya baba italia. Miezi mitatu alihangaika, Sur hakupata, Ibra hakupata, mpaka Ijumaa moja sokoni Nizwa muuzaji mmoja akamtolea risasi tano zilizojazwa baruti upya kwa mkono. Akataka kumuuzia na darubini ya kulengea, Hamood akakataa.

Alikwenda kuijaribu bunduki wadini, kwenye bonde kavu nje ya mji. Risasi ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya.

Alirudi nyumbani akimlaani muuzaji. Mama yake, Bi Mahfoudha, alimsikiliza hadi mwisho, akafungua kasha lake la udi, akatoa kijiti cha chuma: sindano ya kugongea risasi.

"Niliichomoa mwenyewe kwenye bunduki mwaka tuliohamia huku. Kaka yangu aliuliwa kwa bunduki mlangoni petu Unguja. Sikutaka nyingine ilie nyumbani mwangu."

"Na baba hakujua, Bimkubwa?"

"Baba yako akiisafisha bunduki ile kila Ijumaa, mwanangu, miaka ishirini. Hakuniuliza hata mara moja."