Majina ya San Anselmo

Delfina Arroyo alisukuma bakuli la maharage pembeni, akatandaza mezani nakala za kitabu cha ubatizo cha misheni ya San Anselmo.

"Shangazi, leo hutoki hapa. Mwisho wa kupeleka fomu ni kesho saa sita."

Tingatinga la wajenzi wa barabara lilikuwa limefukua mifupa kilimani, kilipokuwa kijiji cha kale cha watu wao. Walioruhusiwa kuizika upya ni wale tu wenye maandishi ya kuonyesha kwamba ukoo wao umetoka kijiji kile. Wasipopatikana, mifupa ingepelekwa chuo kikuu ikakae makashani.

Delfina alikuwa ameufuata ukoo mpaka kwa bibi yake, akakwama hapo. Jina la mama wa bibi alilijua shangazi Eulalia peke yake, na kwao marehemu hatajwi jina. Kumtaja ni kumkatiza usingizi.

"Nitajie tu linaanzaje."

"Una kichwa kigumu kama nyumbu wa padri! Sitamki."

"Basi andika."

"Niandike na nini? Shule niliiona kwa nje."

"Haya. Nitayasoma majina yote ya kitabu mimi, wewe nijulishe tu lake likifika. Likija baya, lije kwangu."

Shangazi aliinuka, akafungua dirisha. "Watakaoamka wapate pa kupitia," alisema, akakaa tena.

"Serafina, mtoto wa siku mbili."

"Samahani, mama. Lala," shangazi alinong'ona.

"Policarpo, mzee, kipofu."

"Samahani, baba. Lala."

Wakaenda hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Miezi miwili Delfina alikuwa ameyapitia majina hayo kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayekagua orodha. Sasa kila jina lilikuwa mtu anayeombwa radhi, na wengi walikuwa watoto. Akanywa maji, akaendelea.

"Tiburcia, msichana wa miaka minne."

Delfina alisubiri ile samahani.

"Shangazi? Huyu humwombi radhi?"

"Huyo, alipozeeka, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele." Mkono wa shangazi ulikuwa umetua juu ya karatasi. "Mwache aamke. Waliofukuliwa ni mama zake."

Delfina aliusogeza mkono ule taratibu, akaona jina la kijiji kile cha kilimani pembeni mwa ukurasa. Akavuta fomu, akaandika.

"Umeweka jina lake?"

"Namba yake ya ubatizo tu. Elfu moja mia moja na kumi na nne. Kitabu wanacho, wafungue wasome wenyewe. Mimi leo nimeamsha watu wa kutosha."