Mdundo Chini ya Mbao

Hapa Mpanda, watu wakijenga huota vigae. Mume wangu Malale aliota mbao. Alikuwa akifanya biashara ya mbao, na kila mninga mzuri uliopita mikononi mwake alikuwa anauonea uchungu kwenda kwenye nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo kiwanja chetu cha Shanwe, ambacho kimeteremkia bondeni, hakukijaza kifusi kama walivyofanya wenye akili zao. Alisimamisha nguzo, akalaza maboriti, juu yake akapigilia mninga chumba hadi chumba. Chini akaacha uvungu ambao mtu mzima anaweza kuingia kwa magoti. Majirani walikuja kutucheka, wakavua viatu mlangoni, wakatembea juu ya sakafu ile, wakaondoka wakiulizana bei ya mninga.

Kasoro yake ilikuwa moja: haikuweza kutunza siri. Ukiangusha kijiko jikoni, aliyelala chumbani anakisikia mgongoni. Halafu Malale akanunua sabufa, ile kubwa ya kumbi za harusi, akaiweka sebuleni juu ya mbao tupu. Akiiwasha, besi ilikuwa inatembea chini ya miguu yetu, vikombe vinasogea kabatini, dirisha linalalamika. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na sindano ilikuwa inaruka mshono.

"Malale, hii ni nyumba au ni ngoma?" nilikuwa namfokea.

"Vyote viwili, mke wangu," alikuwa anajibu, na kuongeza sauti.

Mwaka jana aliugua, akalazwa, na kabla sijaamini kwamba anaumwa kweli akafariki. Tukamzika kijijini kwao Litapunga, pembeni ya baba yake. Hatukujaliwa mtoto. Baada ya matanga mama yake, Nyanzala, alikataa kubaki shambani na ndugu zake. Alisema anataka kukaa kwenye nyumba aliyoijenga mwanawe. Watu wakaninong'oneza kwamba mjane na mama mkwe ni paka na panya ndani ya gunia moja. Niliwaacha waseme. Mimi niliyebaki peke yangu nilihitaji mtu wa kumpikia uji asubuhi, na huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa anamlilia Malale kama mimi.

Namwita Mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, ingawa mimi ni Mfipa. Mayu hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa mtu mzima tayari, kwa hiyo anaongea vizuri kuliko mimi, na ukimwelekea usoni anakusoma midomo. Tatizo halikuwa masikio. Tatizo lilikuwa kwamba alikuja kwangu na kuacha kula. Nikimpikia ugali anamega tonge moja ili nisione vibaya. Nikimpikia wali ananishukuru na kuusukuma. Nilimwona anavyopungua, na niliogopa. Nilikwisha kumzika mmoja, sikuwa na nguvu ya kumzika wa pili.

Mchana mmoja, kwa hasira tu ya ule ukimya, niliwasha sabufa. Mayu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Besi ya kwanza ilipopiga alishtuka, akatazama miguu yake, kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao. Uso wake ulifunguka. Wimbo ulipokwisha aliniomba chakula, akala sahani nzima, na mimi nikaenda jikoni kulia kwa furaha.

Basi ikawa ndiyo dawa. Kila mchana nawasha sabufa, Mayu anakula. Vikombe vilitembea, sindano iliruka, sikufoka tena. Kumbe dawa nayo ina sumu yake. Polepole akaanza kubaki pale sakafuni hata nikiisha kuizima. Kwanza amekaa, baadaye amelala ubavu, mwishoni shavu limegandana na mbao kutoka asubuhi hadi jua linazama. Chakula akakisahau tena. Nikimwinua anaturudisha sote wawili chini, kwa nguvu nisiyojua anaitoa wapi.

"Mayu, nimezima," nilimwambia, nikimwonyesha waya mkononi.

"Najua umezima," alisema. "Nyamaza, mwanangu. Nasikiliza."

Nikaona sasa hii sabufa imemharibu. Nimemzoesha mtikisiko, na mwili wake unaendelea kuutafuta hata usipokuwepo, kama mtu aliyeshuka kwenye basi la Tabora anavyoendelea kuyumba nyumbani. Nikafikiri, nikiukata mtikisiko kabisa, sakafu itakaa kimya, naye atainuka. Kuiuza sabufa ya Malale sikuweza. Nilitaka ibaki, ila isiiguse mbao.

Nilimwita Fabrice, fundi redio wa Makanyagio, kijana wa Katumba mwenye maneno mengi. Akazunguka sebule, akagonga mbao kwa kisigino, akacheka.

"Dada Scola, hapa shemeji alitengeneza gitaa, si sakafu. Mbao juu, uvungu chini. Sabufa inapiga mbao, mbao zinapiga hewa ya chini, nyumba nzima inaimba."

"Sijakuita kusifia. Unaweza kuikata hii besi?"

"Ya hewani itabaki kidogo. Ya kwenye mbao naikata yote."

Alilaza kipande kinene cha sponji ya godoro, juu yake pevingi nne nzito za zege, zile tofali za kutandaza uani, juu ya pevingi vipande vya ndala kuukuu alivyovipanga kwenye pembe, na juu ya ndala ndiyo sabufa ikakaa. Aliniambia zito na laini vikifuatana hivyo, mtikisiko unapotea njiani. Tukawasha. Besi ilisikika, lakini chini ya nyayo hakukuwa na kitu. Glasi ya maji niliyoweka sakafuni haikucheza hata tone. Nilimlipa Fabrice na kumwongezea maandazi.

Mayu alikuwa amelala palepale, shavu kwenye mbao. Tulimtazama wote wawili. Taratibu akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

"Asanteni," alisema. "Lile lidude lenu lilikuwa linapiga kelele. Sasa namsikia vizuri."

Fabrice alikusanya vifaa vyake haraka, akasahau bisibisi, na hakuirudia.

Nilizima kila kitu. Nilichomoa hata friji. Mayu aliendelea kutabasamu. Nilishuka nyuma ya nyumba, nikainama kwenye mlango wa uvungu na kumulika kwa simu. Niliona nguzo, mabaki ya mbao, vumbi kavu la mwezi wa kumi lisilo na alama hata ya kuku. Hakukuwa na mtu wala panya. Nilipanda juu nikiwa na hasira zaidi kuliko hofu, nikakaa mbele yake ili asome midomo yangu.

"Unasikia nini?"

Alinishika mkono, na kwa vidole viwili akaanza kunigonga kwenye ngozi. Mapigo madogo, mepesi, ya harakaharaka, yasiyofuatana sawa. Yalisimama, yakaanza tena. Haukuwa mdundo wa wimbo wowote niliowahi kumpigia.

"Huujui, kwenu Ufipa pengine mnafanya vingine," alisema. "Hivi ndivyo tunavyoita kumbikumbi. Kabla ya mvua unakwenda kwenye kichuguu, unafunika matundu kwa majani, unabakiza moja. Unaweka kibao juu, unakigonga kwa vijiti, namna hii, kama matone. Wao huko ndani wanadhani mvua imefika. Wanatoka wenyewe, wengi, na furaha yao. Malale alikuwa mtoto mdogo, lakini wakubwa walikuwa wanakuja kumwazima kwangu. Hakuna aliyegonga kama yeye. Mara nyingine hata mimi nilikuwa naanua nguo."

"Sasa anamwita nani?" niliuliza, na nilijua nimeuliza jambo baya.

Mayu alinitazama kwa huruma.

"Yeye si yuko chini? Na sisi si tuko juu?"

Kuanzia siku hiyo alianza kujiandaa, na hakunificha. Alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani. Alivua bangili za shaba alizokuwa nazo tangu uchumba wake, akaniwekea kwenye droo ya cherehani. Kula hakula kabisa. Alilala sakafuni akisikiliza, amani tupu usoni, na kupumua kwake kulikuwa kunapungua mbele ya macho yangu. Nikimlisha uji kwa kijiko, unamtoka pembeni mwa mdomo. Niliona wazi kwamba nimekwisha kumpoteza, na kwamba anayeninyang'anya ni mume wangu mwenyewe. Nilimpenda Malale. Siku hiyo nilimchukia.

Niliinuka nikaishika ile sabufa nzito, nikaishusha. Nikaburuta pevingi hadi uani, nikatupa sponji, nikatupa ndala za Fabrice. Nikairudisha sabufa juu ya mbao tupu, mdomo wake ukiangalia chini, na nikafungulia hadi mwisho. Nyumba ilinguruma. Vumbi likamwagika kutoka darini. Kikombe kilitembea hadi ukingo wa kabati, kikaanguka, sikugeuka kukitazama.

Mayu alifumbua macho. Alipapasa mbao huku na huku, kama mtu aliyepoteza kitu gizani. Kisha akajikokota kukaa, na kulia kwa sauti.

"Umemfunika! Scola, umemfunika mwanangu!"

"Ndiyo," nilimwambia usoni. "Na nitamfunika kila siku."

Tukawa tunaishi hivyo. Sabufa ilianza asubuhi, ikazimwa tunapokwenda kulala, na kitanda chake nilikisimamisha, miguu yote minne, juu ya zile pevingi nne na vipande vya sponji niliyoiokota na kuikata, ili usiku mbao zisimguse. Dina, jirani yetu, alikuja kulalamika mara moja, akanitazama machoni, akarudi kwake. Mayu hakunisemesha. Lakini njaa ni njaa, na mwili usiposikiliza unadai. Alikunywa uji. Baadaye akala ugali, akinipa mgongo. Sikuomba anipende. Ilinitosha kusikia kijiko chake kinagonga sahani.

Jumapili moja, jua la saa sita likiwa linachoma mabati, umeme ukakatika.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Mngurumo ulipokatika, masikio yangu yalibaki yanavuma, kisha yakatulia. Na mara nikasikia mvua. Mvua ya kweli, ya kwanza, ile inayoanza kwa matone machache juu ya vumbi, inasimama, inaanza tena. Hata harufu ya udongo niliisikia. Nilifurahi, sijui niieleze vipi furaha ile. Uchovu wote wa mwaka ulinitoka. Nikakumbuka nguo kambani, nikaifuta mikono, nikaelekea mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nje nililiona jua kali, niliziona nguo zimekauka zinapepea, niliuona uwanja mkavu mweupe, na vyote hivyo havikunisumbua. Mvua ilikuwa inanyesha upande wa chini, kule kwenye uvungu, na miguu ilijua njia.

Nilikuwa nimefika ngazi ya mwisho, nimeanza kuinama, niliposhikwa nywele.

Alikuwa Mayu. Bibi ambaye nilikuwa namshika mkono kwenda chooni alikuwa amezishuka ngazi peke yake. Aligeuza uso wangu kuelekea wake, akautazama. Sijui aliona nini. Pengine aliiona ile furaha, na aliijua.

"Unasikia mvua," alisema. Hakuniuliza.

Niliitikia kwa kichwa. Nilitaka aniachie.

Alinivuta juu kwa nywele hadi jikoni, akanikalisha sakafuni, nikatii. Kisha akauchukua mchi kwenye kinu, akaushika kwa mikono yote miwili, na kuanza kutwanga sakafu. Alizitwanga mbao za mwanawe. Alitwanga bila mpangilio, kwa makusudi, hapa na pale, kipande cha mninga kikaruka, na machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Malale!" aliita kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisikia. "Malale, huyu muache! Mimi nilikuwa nakuja, baba, nilikuwa nakuja! Huyu hapana! Huyu ni wangu!"

Nilikaa pale chini, na kila pigo la mchi lilipanda mgongoni mwangu. Katikati ya mapigo mvua ilipungua. Ikawa matone, ikawa tone mojamoja, ikaisha. Nikasikia kuku wa Dina, nikasikia pikipiki barabarani.

Mayu alisimama kidogo, anahema, ameuegemea mchi, akaniangalia midomo.

"Imeacha?"

Nilimwona alivyosimama mwenyewe, bila ukuta, bila mimi, damu imemrudi usoni. Nikatikisa kichwa kwamba bado.

Akainua mchi, akaendelea kutwanga.