Mochi ya Mungu wa Mwaka

Sawako alikuwa mwanamke wa kusema. Samaki akiwa ameoza, alimwambia muuzaji mbele ya wateja wake. Mwanawe akinenepa, alimwambia mlangoni kabla hajavua viatu. Katika mtaa wake huko Tokamachi, mji wa milimani nchini Japani ambako theluji hupanda mpaka madirishani, hakuna aliyeamini kwamba kuna jambo ambalo lingeweza kumfunga mdomo Sawako. Lakini lilikuwepo, nalo lilikuwa neno moja dogo: atakufa.

Neno hilo lilimhusu baba mkwe wake, mzee Tokuzo. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa nne, koo lake lilikuwa kama limelala nusu. Hata chai alikorogewa unga maalumu mpaka iwe nzito kama uji, la sivyo ilipita njia isiyo yake. Na sasa Mwaka Mpya ulikuwa unakuja na mochi zake, yale madonge ya mchele wa kunata uliotwangwa mpaka ukawa laini kama mpira. Ukilitia donge kwenye supu ya moto linavutika, linateleza, linajibandika linapotaka. Kila mwaka televisheni hutangaza wazee walioufungua mwaka kwa bakuli la supu na kuufunga papo hapo.

Kwa hiyo kabla mwaka haujaisha Sawako aliisafisha nyumba. Alitoa mochi kwenye friza, akatoa za kabatini, na jirani alipoleta zake za moto moto alimrudisha nazo.

"Nina mzee ndani," alimwambia. "Mpe mwenye koo."

Zilibaki mbili tu, kubwa chini na ndogo juu, na chungwa chungu juu yake, zimewekwa sebuleni mahali pa heshima kwa ajili ya mungu wa mwaka. Hizo hakuzigusa. Haikumpitia akilini kwamba ni chakula. Mpaka ifike siku ya kuzivunja, katikati ya mwezi, mochi hizo ni kiti cha mungu, na katika nyumba ya Kuwabara, ukoo wa mumewe, hakuna aliyewahi kuzinyooshea mkono, hata wakati wa njaa ya baada ya vita. Sawako hakuwaza kuzificha, kama vile asingewaza kuficha dari.

Mwaka huo kulikuwa na mgeni ndani ya nyumba. Naoya, mwanawe, alikuwa amemwoa Sarmila, binti wa Kinepali aliyekutana naye kiwandani Nagaoka. Huu ulikuwa Mwaka Mpya wake wa kwanza ukweni, na alitaka kuufanya vizuri. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akashika ufagio.

"Weka chini," Sawako akasema.

"Nakosea, Mama?"

"Leo hatufagii. Utafagia bahati. Wala usifue. Na hilo sweta umelivaa nje ndani."

"Na kwa nini hatufui?"

"Ukitaka sababu ya kila kitu katika nyumba hii utazeeka umesimama hapo. Wewe fanya."

Kutoka sebuleni, miguu ikiwa ndani ya blanketi la meza ya joto, mzee Tokuzo alicheka mpaka akakohoa. "Usimwogope, mjukuu wangu! Huyu alipoletwa hapa hakujua hata kuwasha jiko. Leo ni bwana jela."

"Jela yenye televisheni na machenza ya bure," Sawako akajibu. "Kuna wafungwa wangeililia."

Alipakua supu. Mitsuru, mume wake, alikuwa ameshatoka na greda la kuondoa theluji barabarani, hivyo walikaa wanne. Mzee alichungulia bakuli lake. Aliona kipande cha tofu, ile jibini laini ya soya, na viazi vilivyopondwa. Akachungulia la Naoya, kisha la Sarmila.

"Mochi iko wapi?"

"Haipo. Mwaka huu hatuli, hakuna anayekula."

"Nimekulia miaka ya njaa, na bado siku ya kwanza ya mwaka nilikula mochi," mzee akasema. "Mama yangu aliuza obi yake, mshipi wake wa hariri, nile mochi." Hakupaza sauti. Alishika kijiko alichopewa badala ya vijiti, akakitazama kama kitu cha mtoto mchanga, akala.

Jikoni, wakati wa kuosha vyombo, Sarmila aliuliza kwa sauti ya chini. "Mama, kwa nini Babu hapewi? Kwetu mzee ndiye anayepakuliwa kwanza."

Hapo ndipo Sawako alipofungua kinywa na kukifunga. Siku za mwanzo wa mwaka maneno mabaya hayatamkwi, maana linalotamkwa siku hizo hutafuta mwaka mzima mtu wa kumwangukia. Sawako hakuwa mtu wa kuamini amini. Lakini mwaka mmoja, akiwa bado bibi harusi, siku ya pili ya Mwaka Mpya alimfokea shemeji yake aliyekuwa akipanda paa kukwangua theluji: utaanguka, mjinga wewe! Mwezi wa pili walimfukua kwenye theluji chini ya upenu, amekufa. Mama mkwe wake hakumlaumu. Alimtazama tu, akaendelea kumtazama vile mpaka yeye mwenyewe alipozikwa.

"Hapewi," Sawako akasema. "Ndivyo tunavyofanya."

Sarmila aliitikia kwa kichwa. Aliliweka jambo hilo pamoja na ufagio na kufua.

Theluji iliendelea kuanguka. Siku ya tatu anga lilishuka mpaka juu ya nyaya za umeme, na paa lilianza kulalamika, mlio mrefu na mwembamba wa mbao zilizobeba kuliko uwezo wake. Naoya alikwenda kumfukulia shangazi yake mlango. Baada ya chakula cha mchana Sawako alichukua koleo akazunguka nyuma ya nyumba kulifukua tangi la mafuta ya taa kabla halijazikwa kabisa.

"Kaa na Babu," alimwambia Sarmila. "Anatazama mbio zake. Akitaka chai, mkorogee."

Huko nyuma sauti za barabarani hazikumfikia. Theluji inakula sauti. Alichimba, akapumzika, akachimba tena, na mara akajikuta amesimama na koleo mkononi bila kujua kilichomsimamisha. Kilikuwa kimya. Kila mwaka, mbio za vijana za Mwaka Mpya zikiwa hewani, mzee Tokuzo huwapigia kelele wakimbiaji mpaka majirani wanacheka: kimbia, kobe wewe, mama yako anakuona! Ukuta ulikuwa mwembamba. Sauti ya mtangazaji ilipenya. Ya mzee haikuwepo.

Aliingia na buti zake ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Cha kwanza alichokiona ni chungwa, limewekwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, mahali pa mungu. Cha pili, kupitia mlango wa jikoni, kilikuwa kisu juu ya ubao, na bapa lake lina vumbi jeupe. Mochi ya mungu haikatwi kwa kisu. Hupigwa nyundo ikapasuka, maana kuikata ni kuita damu ndani ya nyumba. Sawako alihisi baridi kwenye meno.

Mzee alikuwa ameketi mahali pake, mgongo wima, viganja vimeshika ukingo wa meza, macho kwenye televisheni. Sarmila alikuwa amepiga magoti mbele yake kwa adabu, akisubiri.

"Mama," alinong'ona huku akitabasamu, "Babu amenifundisha ile desturi ya leo. Siku ya tatu mke mpya anampikia mzee mochi ya mungu, halafu mzee anambariki. Nadhani anasali."

Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya biringanya.

Sawako hakukumbuka baadaye jinsi alivyoivuka ile meza. Alimkunja mzee mbele juu ya mkono wake, akampiga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, akapiga tena, na mwili ule mwepesi ukawa unaitikia kama mto wa kulalia.

"Piga simu ya gari la wagonjwa!"

"Mama, nimefanya nini? Mama—"

"Mochi imemziba! Atakufa! Waambie hivyo hivyo, waambie mzee amekabwa na mochi, anakufa!"

Neno lilitoka, na sebule nzima ikalisikia. Alipiga tena, akaingiza vidole viwili mdomoni kwa mzee, akagusa kitu laini kinachoteleza, akakikosa, akakipata. Kilitoka kirefu, kikivutika, kama hakina mwisho. Mzee akavuta pumzi. Ilikuwa na mluzi ndani yake, sawasawa na ule wa paa.

Gari la wagonjwa lilikwama chini ya kilima, na wazimamoto, ambao huko ndio wahudumu wake, walipanda kwa miguu wakiwa na machela. Hospitalini daktari, kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyepokea wengi wa namna hiyo wiki hiyo, alimwambia Sawako kwamba kipande kingine kilikuwa kimeshuka. Walikitoa, lakini mate na supu viliingia pafu la kulia, na homa imeanza.

"Kwa umri wake," alisema, kisha akasita.

"Maliza," Sawako akasema.

"Tutazame leo na kesho. Waiteni ndugu."

Mzee Tokuzo alikuwa macho chini ya barakoa ya oksijeni. Sawako aliinama.

"Umemdanganya mtoto wa watu," alimwambia.

Barakoa ilijaa ukungu. "Usimgombeze," mzee akasema kwa shida. "Alipika vizuri." Akapumua mara kadhaa. "Kijiko kile, Sawako. Miezi yote hii na kijiko kile." Akafumba macho.

Sarmila alikuwa kwenye benchi ya korido, sweta lake bado limevaliwa nje ndani. Alikuwa ameacha kulia. Alimtazama Sawako akija, naye Sawako akautambua mtazamo ule, maana aliishi nao miaka mingi, wa mtu asiyelaumu kwa mdomo.

"Ulijua mochi inaweza kumuua," Sarmila akasema.

"Nilijua."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Neno hilo halisemwi siku za mwaka mpya. Lina mkosi."

"Hata la kumwokoa mtu?"

Sawako aliketi. Nje, taa za greda zilipita polepole, labda la mumewe, labda si lake.

"Sikiliza," alisema. "Nitakwambia sasa, na sababu yake, na usinikatize. Pengine Babu atakufa wiki hii. Akifa tutamlaza kichwa kaskazini. Tutamchoma, tutasubiri, kisha watatuletea mifupa yake kwenye sinia. Watu wa nyumbani huiokota wawili wawili, kila mmoja na vijiti vyake. Mfupa mmoja, watu wawili, tunauinua pamoja mpaka kwenye chungu. Tunaanza na miguu, tunamaliza na kichwa, ili asikae ndani kichwa chini."

Sarmila aliinua kichwa. "Mimi pia?"

"Wewe ni wa nyumbani. Utaokota na mimi."

"Nitatetemeka. Nitauangusha."

"Ndiyo maana nakufundisha." Sawako alichukua vijiti viwili vya mbao kwenye sinia la chakula lililoachwa kando ya benchi bila kuguswa, akampa, akachukua vingine viwili vyake. Juu ya sinia kulikuwa na kipande cha figili iliyochemshwa. "Shika hapa. Usibane sana, mfupa uliochomwa unavunjika. Sasa inua, pamoja nami."

Ndani ya chumba cha mzee mashine ilianza kulia. Muuguzi akapita mbele yao akikimbia.

"Usitazame huko," Sawako akasema. "Inua."