Bati la Eduviges

Wasomaji wangu, mimi Nazario huchora watakatifu juu ya vipande vya bati, katika mji mmoja mdogo wa Mexico. Kwetu mtu akishapona huja kuagiza mchoro wa ugonjwa wake na mtakatifu aliyemponya, chini yake maneno ya shukrani, akautundike kanisani. Nami kwa ubishi wangu nikamchorea mke wangu Eduviges wa kwake akiwa bado anaungua homa: nikamsimamisha wima, mashavu mekundu, Malaika Rafaeli kando yake, nikaandika asante. Nilidhani mbinguni wataona haya kuninyima. Siku tatu nilipaka rangi huku akiniita kutoka chumba cha pili, nami nikijibu, "Nakuja, rangi haijakauka." Mchana wa siku ya tatu usingizi ukanipitia palepale mezani.

Nikajiona katika nchi ambayo ardhi yake yote ni bati, kila hatua inalia, na jua haliwaki wala halizami. Bwana mmoja mnene, jina lake Kiburi, akanipokea kwa mikono miwili. "Fundi, hakuna anayekufikia," akasema, nami nikavimba kichwa, nisiwafiche. Lakini mwanamke mwenye madoa ya kutu vidoleni, aitwaye Kweli, akanishika kiwiko. "Achana naye, twende." Akanipeleka mbele ya mchoro wangu, sasa mkubwa kuliko nyumba. Nikamgusa Eduviges wa bati, alikuwa baridi.

"Huyu hajaumwa hata siku moja," Kweli akasema taratibu, "kwa hiyo hahitaji mtu wa kukaa naye. Ndiyo maana umemchagua huyu, ukamwacha yule wa kitandani."

"Lakini nilikuwa namwombea," nikang'aka.

"Basi tazama anayekuongozea brashi."

Nikageuka. Mtu mdogo alikuwa amejibanza mgongoni mwangu, ameukamata mkono wangu wa kuchorea, anatetemeka. Alikuwa Woga.

Nikaamka shavu limenata rangi, moyo ukiniuma. Nilikuwa nimeelewa: sikuweza kumtazama akifa, basi nikachora. Nikaingia chumbani. Dada yake, Crescencia, akanipisha kiti bila kunitazama.

"Ulikuwa wapi, Nazario?" Eduviges akauliza, sauti haitoki vizuri.

"Nilijificha, mke wangu. Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," akasema, akanisogezea mkono. Nikaushika, nikakaa naye siku mbili zilizokuwa zimembakia.