Mafiga ya Nyumba ya Serikali

Mwaka 1937, Jumatatu moja baada ya mvua kukatika, Tabita alipanda kilima kutoka bondeni na ndoo ya chokaa kichwani, kikapu cha magunzi mkononi, na brashi ya katani aliyoitengeneza mwenyewe. Mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa anahamia nyumba ya serikali wiki hiyo, na meko ya sebuleni, yale ya ukutani ambayo Wazungu huotea moto, yalikuwa meusi tii. Alitaka yawe meupe kabla hajafungua masanduku.

Watson, mpishi, alimfungulia mlango wa nyuma na kumwonyesha kazi, ingawa Tabita aliijua.

Mawe ya meko hayo yalikuwa thelathini na sita. Miaka kumi na mmoja nyuma, watu wa kilimani walipoamriwa kushuka ili nyumba ijengwe, fundi aliyeletwa alikusanya mafiga ya nyumba zote kumi na mbili, kwa sababu jiwe lililozoea moto halipasuki. Ufundi wake ulikuwa mzuri. Mafiga matatu ya Ferista, mama yake Tabita, aliyapanga chini, upande wa kushoto.

Tabita alisugua masizi kwa gunzi na mchanga, akaosha kwa maji ya majivu. Nyufa aliziziba kwa udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe. Kwenye chokaa alitia chumvi konzi moja ili isichafue nguo za watu, akapaka mkono wa kwanza. Adhuhuri ikakauka, akapaka wa pili, na chini akazungushia mstari wa udongo mwekundu, maana hakupenda kitu kiishe hivi hivi.

Mstari ulipokauka, mawe yakaanza kupika.

Hapakuwa na kuni wala moto. Jiwe la kwanza lilitoa harufu ya kande, la pili ndizi na maharage. Watson akaleta sufuria tupu, akaliweka mbele ya meko, akarudi jikoni kumalizia mkate. Aliporudi, sufuria lilikuwa limejaa majani ya maboga.

"Haya ni ya nyumba ya akina Anyelwisye," Tabita alisema baada ya kuonja. "Wao hawakujua kupima chumvi."

"Na ya kwenu?"

Tabita alisogeza sufuria jingine upande wa kushoto, akalisubiri huku akiosha brashi.

Jioni alimpelekea mama yake uji wa ulezi uliotoka kule. Tangu washushwe, Ferista alikuwa hashibi. Alikula kama wengine na kufanya kazi kama wengine, lakini mwili ulimwisha mwaka hadi mwaka, hata mkanda wa gauni ukawa unamzunguka mara mbili. Alikunywa bakuli lile polepole, akafuta mdomo.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema, kisha akalala hadi jua likawaka.

Kwa hiyo Tabita alirudi kilimani na kuomba mafiga matatu. Bwana Shauri alikuwa mtu mpole. Alichuchumaa mbele ya meko, akayagonga kwa kidole, akasikitika kwa dhati.

"Nikiyatoa ya chini, ukuta utaanguka," alisema. "Tena ni mali ya serikali. Lakini mama aje. Wote waje. Jumamosi, tangu saa mbili hadi saa sita."

Mkewe aliafiki. Alikuwa ameyapenda sana meko yale, hasa mstari mwekundu, na nyumba ilikuwa na joto bila kuni.

Jumamosi watu wa nyumba kumi na mbili walipanda na bakuli zao, wakafuta miguu mlangoni, wakaketi kwenye mikeka, kila familia mbele ya mawe yake. Wakala wakisimuliana habari za bondeni. Ferista alikula mara mbili. Bwana Shauri alikuwa mezani na barua zake, koti begani.

"Bwana," Ferista alimwambia, kama mwenye nyumba anavyomwuliza mgeni, "unaishi vizuri hapa kwangu?"

"Vizuri, mama, asante. Ila upepo unapita dirishani. Unaangusha karatasi zangu."

"Unatoka kule mtoni. Sisi tuliuzuia kwa migomba, safu tatu. Mafundi wenu waliikata."

"Loh! Ni habari yenye manufaa sana," Bwana Shauri alisema, akachukua kalamu.

Jumanne jumbe alipita bondeni akitangaza kwamba kila nyumba itoe mtu mmoja na miche mitano ya migomba, kazi ya serikali. Tabita alikwenda kwa ajili ya nyumba yao. Ferista naye alipanda, ingawa hakuitwa. Alikuwa ameanza kunenepa mashavuni, na kilima hakikumpa shida. Alitembea mbele ya watu akiwaonyesha kwa fimbo pa kuchimba: hapa, na hapa, na pale. Jembe lilizama bila taabu, kwa sababu yalikuwa mashimo yale yale ya zamani, na udongo wake ulikuwa bado laini.

Saa nne migomba ilikuwa imesimama safu tatu. Saa tano ilikuwa na mikungu. Mke wa Bwana Shauri alitoka barazani, akawashukuru wote kwa kivuli.

Saa sita askari akawaambia washuke, nao wakashuka.