Ikaguliwe na Nani

Niacheni nisimulie mwenyewe, maana wanaonisimulia wananipamba. Mimi nilikuwa fundi wa boila, lile tangi la chuma linalochemsha maji yatoe mvuke wa kufulia na kupigia pasi, katika kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hoteli nne na hospitali moja. Miaka kumi na moja niliitia moto kila alfajiri. Sheria inasema kila mwaka boila izimwe, ipoe, ifunguliwe, mkaguzi aingize kichwa na taa aone tumbo lake. Yetu ilikuwa na mwaka wa tatu haijafunguliwa. Meneja tulimwita Bwana Kesho, na jina hilo hakupewa bure.

Barua ya mkaguzi ilipokuja, Bwana Kesho hakuniambia nizime. Aliniambia nipake rangi. Nikapaka, mjinga mimi, boila nzima ikang'aa, mpaka valvu ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe mvuke ukizidi.

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi asiye na maneno mengi. Akaiparura valvu kwa ukucha, akaguna.

"Haya, bibi harusi mmempamba, lakini mdomo mmemgandisha. Na boila ya moto mimi sikagui. Izimeni, narudi baada ya siku nne."

Akaandika kwenye kitabu cha boila kwa herufi kubwa: ISITUMIKE HADI IKAGULIWE.

Nilifurahi, wallahi. Nyuma ya ukuta wa boila ndipo mdogo wangu alipokuwa akipiga pasi, na kazi hiyo nilimtafutia mimi, baada ya mumewe kumkimbia na kumwachia watoto wawili.

Gari la mkaguzi halijatoka hata getini, Bwana Kesho keshashika kitabu.

"Fundi, hebu soma hapa. Hadi ikaguliwe. Ikaguliwe na nani?"

"Na yeye, bosi."

"Kaandika wapi? Nionyeshe. Mimi naona ikaguliwe tu, basi. Wewe si fundi? Ikague."

"Bosi, Kiswahili hicho hata mtoto anakielewa."

"Sawa, zima." Akafunga kitabu taratibu. "Lakini tukizima, vibarua wa pasi wote wanarudi nyumbani, na sitawaita tena. Kamwambie dada yako mwenyewe."

Sikwenda kumwambia. Hapo ndipo nilipokosea, na sitafuti wa kumbebesha. Nilikwangua rangi kwa bisibisi, nikavuta mkono wa valvu, ukacheza kidogo. Kidogo! Nikajisemea siku nne si nyingi. Nikaandika: Imekaguliwa. Nikatia sahihi. Bwana Kesho akanipiga bega, eti, "Umeona? Penye nia pana njia." Nilitamani kumtemea mate.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mshale wa kipimo ulipita mstari mwekundu na valvu haikupumua. Nikakimbilia kuzima moto. Upande wa pili wa ukuta kiungo cha bomba la mvuke kikaanza kupiga mluzi, kikapiga kwa muda, kisha kikaachia.

Wapiga pasi walikuwa wameshatupa mashuka na kutoka mbio kwa ule mluzi. Walitoka wazima wote, isipokuwa mmoja.

Mbele ya kamati iliyochunguza ajali, Bwana Kesho alifungua kitabu akaonyesha sahihi yangu, wala hakuhitaji kusema zaidi. Mkaguzi aliniangalia mara moja tu, hakurudia. Nikafukuzwa, na nilistahili. Na yeye bosi je? Kapewa barua ya onyo! Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nimempisha, lakini moyoni simsamehi.

Hayo yote nayameza. Kuna moja halimezeki. Wiki ya pili nilikwenda wodini, nikamkuta mdogo wangu mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, nusu ya uso haionekani. Nikashindwa kujizuia.

"Wenzako walisikia wakakimbia. Wewe ulibaki kwa nini?"

Alinijibu bila kinyongo hata chembe. Heri angenitukana.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nawacheka. Nikawaambia acheni uoga, boila hii kaikagua kaka yangu mwenyewe."