Tisa katika Mia

Mimi si mwongo. Nalisema mapema kwa sababu mtakayoyasikia yatanichora vibaya, na hasira zangu ziko karibu. Sipendi mtu anihukumu kabla sijamaliza.

Nyumbani kwetu ngano huchaguliwa mwezi Machi, kwenye dirisha la jikoni, theluji ikiwa bado imefika kizingitini. Unahesabu punje mia za kila aina, unazipanga kwenye trei ya udongo, unaandika jina kwenye kijiti, unasubiri siku kumi. Zikiota tisini na kuendelea, hiyo ni mbegu. Zikipungua hapo, hicho ni chakula, kipeleke kusagwa. Kanuni hiyo alinifundisha mume wangu Dulat, na hakuwa akiisamehe hata ngano yake mwenyewe.

Mwaka huu trei zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ile ngano ndefu ambayo baba mkwe wangu ameipanda miaka thelathini. Unga wake ni wa kuvutika, hakuna ubishi, lakini huchelewa kuiva, na Septemba iliyopita theluji iliikuta shambani ikailaza yote chini. Ya pili ni ya kituo cha mbegu, ya siku themanini. Mavuno yake ya wastani, ila huwahi baridi. Ya tatu ni ya Dulat. Miaka saba mfululizo, kila mwisho wa Agosti, aliingia kwenye ngano ya baba yake akachuma masuke yaliyotangulia kuiva, akayapanda kando mwaka uliofuata. Alitaka unga wa ile na haraka ya hii. Mwaka jana akafikisha magunia sita. Novemba akafa, ini lake likiwa limekwisha.

Baba mkwe wangu namwita Ata. Jina lake silitaji, kwetu mke hataji jina la mkwe wake, na hapa pia sitalitaja. Yeye alikuwa ameshakata shauri.

"Zile hekta mia tatu na hamsini chagua utakavyo," aliniambia. "Wewe na Dulat ndio mliosoma. Lakini hekta tatu za kando ya barabara ni za ngano ya kijana wangu. Hizo msinigusie."

"Nani atakugusia, Ata?"

"Nakujua, Kamshat. Ungeweza kumpanga hata Mungu ratiba."

Siku ya kumi niliamka nikahesabu. Ngano ndefu: tisini na tatu. Ya kituo: tisini na sita. Ya Dulat: tisa. Nikahesabu tena kwa ncha ya kisu, kana kwamba nyingine zilikuwa zimejificha. Tisa, vichipukizi vyembamba vyenye mguu mwekundu. Nilifukua zilizobaki. Zilikuwa laini, zinanuka, zimekufa.

Sikuelewa, maana magunia yale yalikuwa makavu. Oktoba, mimi nikiwa hospitalini mjini na Dulat, mvua haikukoma wiki nzima na ngano ya watu wote ilianza kuota ukungu ghalani. Ata alikuja kututembelea akiwa anang'aa. Alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Ngano yako ni kavu, nimeikausha mwenyewe." Dulat alicheka. Tangu aingie hospitalini sikuwa nimemwona akicheka.

Jumamosi hiyo niliwasha bafu la mvuke uani, kama kila Jumamosi. Nilipokuwa nasugua benchi la juu, punje zikaniingia chini ya kucha. Zilikuwa zimejaa katikati ya mbao, kahawia, zimekaangika. Nikakaa palepale uchi nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimeelewa. Ata alikuwa ameyabeba magunia yale moja moja, na mgongo wake ule, akayapandisha mahali penye joto kuliko pote nyumbani, akakoka moto siku tatu usiku na mchana. Kila mtu anajua ngano ya kula haijali moto. Ya mbegu ukiipasha joto kuliko la kiganja cha mkono, umeiua. Ata maisha yake yote alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia. Kukausha mbegu ilikuwa kazi ya mwanawe.

Ningemwambiaje? Mzee amemzika mtoto wake wa pekee, nimwambie pia kwamba amemuua mara ya pili kwa mikono yake? Sikuweza. Asubuhi iliyofuata nilibadilisha vijiti. Jina la Dulat nikaliweka kwenye trei ya kituo, iliyojaa kijani. Trei ya zile tisa nikaimwaga kwa kuku.

Mchana Ata aliingia jikoni akainama dirishani muda mrefu, mikono nyuma.

"Hii ndiyo ya Dulat?"

"Ndiyo hiyo, Ata. Tisini na sita."

"Tisini na sita," akasema. Akanipapasa kichwa kama mtoto, akatoka. Nilidhani ni furaha.

Yalibaki magunia. Mei angeyafungua, angepanda, Juni angesimama mbele ya hekta tatu za udongo mtupu. Nilipanga kuyajaza mbegu ya kituo, basi, hekta tatu zingeota na yeye angezeeka kwa amani. Kwa hiyo siku alipokwenda mazishini kijiji cha pili, niliyapakia kwenye gari nikayapeleka kwa Lemke msaga unga.

Lemke alifungua gunia, akanusa. "Kamshat, ngano yako imeoga kabla yangu! Inanuka bafu."

"Saga, acha maneno."

"Magunia sita? Unaozesha mtu?"

"Namkaanga mtu, usipofunga mdomo."

Akasaga. Unga ulikuwa mzuri, wa kuvutika hasa, na Dulat hakuuona. Nikawapigia simu kituo cha mbegu nikaagiza ile ya siku themanini kwa shamba zima. Niliona nimemaliza.

Ijumaa nilikanda unga huo huo. Kila Ijumaa tunawakaangia wafu wetu mikate saba myembamba, shelpek, ili harufu ya mafuta iwafikie. Nilisema moyoni, angalau hii Dulat aipate mwenyewe. Ata alisoma dua, akapaka viganja usoni, akamega mkate akala. Akamega tena.

"Mtamu," akasema. Kisha, bila kuninyanyulia macho: "Asubuhi nilikwenda ghalani. Magunia ya Dulat hayapo."

"Nimeyahamisha, panya wamezidi."

"Kamshat. Ngano ya mwanangu huota na mguu mwekundu. Miaka saba nimeiona dirishani hapo. Siku ile ya kumi niliamka kabla yako, nikahesabu. Zilikuwa tisa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikuwa na hata hatua mbili.

"Ulijua? Mbona ukanyamaza?"

"Niliona unanificha aibu yangu, nikasema mwache, ana moyo. Nilijua ni bafu, ingekuwa nini kingine? Nikasema Mei tutapanda hivyo hivyo, nene, magunia yote sita kwenye kipande kimoja. Tisa katika mia, binti yangu, kwenye magunia sita ni punje ngapi? Wewe ndiye wa hesabu."

Nilipiga hesabu, kwa mazoea tu. "Laki saba. Zaidi."

"Dulat alianza na masuke matatu."

Yeye alikuwa bado ameshika nusu ya mkate.

"Yako wapi magunia?"

Niliangalia sahani. Akaangalia nilipoangalia, kisha akaangalia mkono wake.

"Huu?"

"Huo, Ata."

Aliuweka chini polepole, akakunja kitambaa cha meza juu yake, kama anavyofunikwa mtu. Nilitaka anipigie kelele. Ningemjibu, ningemwambia nani aliyekoka moto siku tatu, tungegombana na kungekuwa na kitu cha kushika. Hakupiga kelele.

"Mimi niliua tisini na moja," akasema.

"Na mimi tisa."

Akainuka akaniuliza magunia matupu yako wapi. Yalikuwa barazani, yametanda vumbi la unga. Tuliyageuza ndani nje, moja moja, tukapasua mishono kwa kisu cha kuchunia kondoo. Lemke huyakung'uta vizuri, Mungu amlaani. Tulipata punje ishirini na mbili. Kwa hesabu ya dirishani, mbili ziko hai, na huenda hakuna.

Ata alizipanga kwenye trei mwenyewe, akaandika jina mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika. Leo ni siku ya sita. Kabla sijawasha jiko tayari yuko pale, amekunja mgongo, pua karibu iguse udongo. Nami nasimama mlangoni na kuni mikononi, sithubutu kumuuliza anaona nini.